Niliwafundisha watoto wa komunyo kupeleka isale, jani moja likaja mlangoni kwangu

Wakuu, mko salama humu?

Miaka sita nasoma nyuzi zenu kimya kimya, nacheka peke yangu kwenye cherehani mpaka wateja wananiuliza kama niko sawa. Leo na mimi naleta la kwangu. Sijaongeza chumvi hata punje. Nilichobadilisha ni majina tu, maana kuna mama mmoja wa jumuiya yetu yumo humu na hakuna uzi unaompita.

(Shikamoo mama. Ukinitambua, kaa kimya.)

Nianze na mimi ni nani.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani, naishi Kibosho. Mtoto wangu wa kwanza ni Deo, kwa hiyo huku wananiita Mama Deo. Nimezaliwa Old Moshi kwenye familia ya Walutheri, nikaolewa Kibosho nikawa Mkatoliki, na kwa sababu niliingia nikiwa mtu mzima, katekisimu niliisoma kama mtu anayetafuta leseni. Naijua vizuri.

Kitu kingine mkijue mapema: nina mdomo. Sijisifii, natoa taarifa tu.

Basi mwaka juzi katekista wetu wa siku zote magoti yalimgomea. Kupanda kile kilima cha kigangoni kila Jumamosi akawa hawezi tena. Kikaitwa kikao kutafuta mtu wa kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Wanaume wote wakaangalia chini ghafla, utadhani wamedondosha kitu.

Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Mama Deo ana sauti."

Watu wakapiga makofi. Ndivyo nilivyopata ualimu, wakuu, hakuna interview wala nini.

Nikakabidhiwa watoto ishirini na sita, wa miaka tisa na kumi, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Wengine wanafika na matope mpaka magotini, wengine wametoka kukata majani ya ng'ombe, mmoja alikuwa anakuja na ndizi ya kuchoma mfukoni na harufu yake inavuruga darasa zima.

Kukariri walikuwa moto. Ukiuliza swali la katekisimu, jibu linatoka kwa pamoja kama wimbo. Tatizo ni ukiuliza maana yake.

"Dhambi ni nini?" Wote wanajibu safi kabisa.

"Haya, nipeni mfano."

Wakaangaliana. Halafu mmoja: "Kuchelewa namba shuleni."

Mwingine akataka kujua kama kuiba yai la kuku wa bibi ni dhambi likiwa bichi, au mpaka ulipike. Kuna mwingine alinyoosha mkono kwa adabu zote akauliza kama anaweza kuungama kwa niaba ya kaka yake, kwa sababu yeye dhambi zake ni chache na kaka yake anazo nyingi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ila somo la kitubio lilinishinda. Kwa wasio Wakatoliki: kabla mtoto hajapokea komunyo ya kwanza lazima aende kuungama dhambi zake kwa padre, mara ya kwanza maishani. Watoto walikuwa wanaogopa, jamani. Walikuwa wanaamini kabisa kwamba Baba Paroko akishasikia anapiga simu nyumbani. Nikaeleza siri ya kitubio wiki mbili mfululizo, wapi! Nikawafundisha kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi. Wakakariri yote matano na wakaendelea kuogopa vile vile.

Jumamosi moja nimesimama mbele yao nimeishiwa, macho yangu yakaangukia nje dirishani kwenye uzio wa masale.

Wachaga wenzangu mnajua. Kwa wengine nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu na unataka kuomba msamaha wa kweli, unachukua jani la isale, unampelekea kwa mikono miwili. Na yule aliyekosewa, hata awe amekasirika namna gani, jani hakatai. Kukataa isale ni jambo ambalo mimi mpaka leo sijawahi kulishuhudia.

Nikatoka nje nikakata jani, nikarudi nalo.

"Hili ni nini?"

"ISALEEE!"

"Mtu akiletewa hili anafanya nini?"

"Anasamehe!"

"Anaweza kukataa?"

"Hawezi!"

"Sasa sikilizeni. Mungu mnamwogopa wa nini? Kwenda kuungama ni kumpelekea Mungu isale, na Mungu hakatai."

Wakuu, nyuso zilibadilika pale pale, watoto wakaelewa. Niliona raha mpaka nikajiona profesa, na hapo ndipo kichwa kilipovimba nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu.

Nikawapa homework. Kila mmoja aende akamtafute mtu ambaye yeye amemkosea, ampelekee isale, wiki ijayo alete ripoti.

Nilisahau kwamba wale ni watoto wa Kichaga. Ukiwaambia kuna jani ambalo mzazi hawezi kulikataa, umewapa silaha.

Wiki ile kijiji kilichafuka! Jumanne baba mmoja ananipigia simu. "Mwalimu, huyu kijana amemwaga kahawa yangu yote niliyoanika, akaangukia humo na baiskeli. Nimeshika fimbo, na yeye ameshika isale. Nafanyaje?"

"Weka fimbo chini, baba."

"Na kahawa?"

"Jani umeshapokea?"

"Nimeshapokea."

"Basi okoteni kahawa wote wawili."

Kuna bibi aliletewa majani matatu kwa siku moja na mjukuu yule yule: la sukari, la kikombe, la kumjibu vibaya. Akaniambia tukikutana pale tunapopeleka maziwa, "Mwalimu, akileta la nne namchapa nalo." Na yule mwenye kaka mwenye dhambi nyingi akaniuliza kama inaruhusiwa kupeleka isale mapema, kabla hujakosa, ili uwe umeshamaliza.

Mpaka hapo ni vicheko tu, naomba mcheke sasa hivi. Maana kuna kitu sijawaambia.

Kwenye lile darasa alikuwepo mtoto anaitwa Glory. Miaka kumi, mpole, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa kila kitu. Glory ni mtoto wa mdogo wake mume wangu. Vihamba vyetu vimepakana. Nyumbani ananiita mama mkubwa, darasani mwalimu.

Na mama yake, Mama Glory, mimi na yeye tulikuwa hatusemezani mwaka wa tatu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimepanda majani ya ng'ombe kando ya mfereji, nayatunza kama mboga, maana ng'ombe wangu alikaribia kuzaa. Huku ng'ombe anakaa bandani, majani ndiyo kila kitu. Asubuhi moja naenda na kisu changu, nakuta pamekatwa peupe! Na majani yaliyodondoka yameelekea kwenye kijia cha kwa Mama Glory.

Sikuuliza mtu. Jumamosi yake kwenye jumuiya, ile sala yetu ya majirani kwa mwenyekiti, tumeshasali, tumeshasoma Injili, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jambo. Nikasimama nikamwita Mama Glory mwizi mbele ya watu wote. Rozari ninayo mkononi. Mengine niliyosema siyaandiki hapa, mods wataniondoa.

Mama Glory hakujibu hata neno moja. Alichukua khanga yake akaenda nyumbani.

Mwezi mmoja baadaye mume wangu, Baba Deo, ananiambia taratibu tukila, "Mama Deo, yale majani... niliyakata mimi. Rafiki yangu ng'ombe wake alikuwa mgonjwa, nikampa. Niliogopa kukwambia."

Mwanaume mzima ameniogopa mdomo.

Nikamwambia, "Nyamaza hivyo hivyo." Nikaona aibu kurudi kuomba msamaha. Nikasema kesho, kesho ikawa Pasaka, Pasaka ikawa Krismasi, ikawa miaka mitatu. Na katikati ya hiyo miaka wakanipa kazi ya kufundisha watoto kuungama. Nikaikubali, sikuona haya hata kidogo!

Sasa sikieni utaratibu wa Baba Paroko. Kila mtoto ana kadi ya mafundisho. Mzazi lazima aje mwenyewe, asaini mbele ya mwalimu. Kadi isiyo na sahihi, mtoto anasubiri mwakani. Orodha inatakiwa kwa Paroko Jumamosi saa sita mchana, saa tisa watoto wanaungama, Jumapili wanapokea. Baba Paroko ni mtu wa Ruvuma, mcheshi sana, lakini kwenye utaratibu hana utani.

Kadi ishirini na tano zikawa zimesainiwa. Ya Glory nyeupe.

Baba yake ni dereva wa malori, alikuwa safarini mbali, harudi karibuni. Mama yake aliulizwa na mwenyekiti akajibu, "Mimi kwa yule mwanamke siendi. Mtoto atapokea mwakani."

Wakuu, mtoto wa kwanza darasani, gauni jeupe limeshashonwa mjini Moshi (mimi fundi niko jirani, gauni limepelekwa mjini, na nilistahili), na wenzake wote watapokea yeye ameketi anaangalia. Kwa sababu ya mdomo wangu. Na bado sikwenda! Nilijiambia labda atabadilisha mawazo.

Alhamisi alasiri, ukungu umeshuka, niko barazani namalizia magauni ya watoto wa watu. Naona Glory anakuja katikati ya migomba, na sweta la shule, viatu vimejaa tope. Ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umetoka shule?"

Akapiga magoti pale pale kwenye saruji.

"Nimeleta isale. Naomba umsamehe mama yangu."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mama hajui nimekuja. Sijui alikukosea nini, lakini ulisema ukiletewa isale hukatai. Ukimsamehe, na yeye atakuja kusaini."

Machozi yakawa yanamtoka, anayafuta begani maana mikono ina jani.

Jamani, niliganda. Kulikataa isale siwezi, sijawahi kuona mtu akifanya hivyo. Kulipokea nako siwezi, maana nikilipokea nimesema mama yake ndiye aliyekosa, na mtoto ataondoka hapo akiamini mama yake ni mkosaji mpaka anazeeka. Mikono yangu ilikuwa tayari imenyooka nusu. Nikairudisha.

"Glory, simama mwanangu. Hilo jani limekosea nyumba. Mama yako hajanikosea. Mimi ndiye niliyemkosea."

Akanitazama muda mrefu.

"Wewe, mwalimu?"

"Mimi."

Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeshaanguka mbele ya altare siku ya harusi yangu.

Nikaacha gauni kwenye mashine, futi ya kupimia bado ipo shingoni. Nikaenda mpakani nikakata isale langu mwenyewe, nikashuka kwa Mama Glory, mtoto ananifuata nyuma.

Nilimkuta bandani anaosha madumu ya maziwa. Akaliona jani, akaacha kuosha.

"Mama Deo. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Mke mwenzangu (huku wake wa ndugu tunaitana hivyo), yale majani hukukata wewe. Nilijua siku nyingi nikanyamaza. Nilikutukana bure. Nimekuja kuomba msamaha."

Hata hakuniuliza ni nani aliyekata. Alikausha mikono yake kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Uliniita mwizi mbele ya jumuiya nzima," akasema. "Leo umekuja bandani. Tuko mimi, wewe, mtoto na ng'ombe."

Akalitazama jani mkononi mwangu.

"Jani lako sikatai. Lakini hapa silipokei. Lilete keshokutwa kwenye jumuiya, pale pale uliponisemea."

Nilitamani kumjibu, wakuu, nisiwadanganye. Ulimi ulishainuka. Lakini alikuwa na haki yake, na Glory alikuwa ananiangalia. Nikarudi nyumbani na jani langu.

Ijumaa nzima nilishona mikono ya magauni kinyume. Nikafumua, nikashona tena kinyume.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukakutana kwa mwenyekiti. Baridi ile ya Kibosho, watu wamejikunyata na mashuka. Tukasali, tukasoma Injili. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye jambo.

Nikasimama na isale langu. Mimi mwenye mdomo, sauti haitoki! Nikakohoa mara mbili. Halafu nikasema yote: nilimwita mwenzangu mwizi, haikuwa kweli, nilijua haikuwa kweli, nikakaa kimya miaka mitatu huku nikiwafundisha watoto wenu kuungama. Nikapiga magoti nikanyoosha jani.

Mama Glory alifunga kwanza khanga yake vizuri, hakuharakisha. Nadhani alikuwa na haki na hiyo dakika pia. Kisha akainuka, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea."

Vigelegele! Wamama walipiga mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Vilipotulia, bibi mmoja aliyekaa kwenye kona akauliza kwa sauti ya juu kabisa, "Sasa majani alikata nani?"

Watu wakageuka kutafutana macho. Halafu karibu na mlango Baba Deo akainuka, kofia mkononi.

"Ni mimi."

Wakuu, ile jumuiya ilicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kufunga sala. Alianza mara tatu.

Saa nne Mama Glory akawa mbele ya meza yangu darasani. Akasaini. Nikasaini. Glory alichukua ile kadi akaibusu, akatoka mbio, orodha ya majina ishirini na sita ikafika kwa Paroko kabla ya saa sita.

Saa tisa watoto wakaanza kuungama. Nikakaa kwenye benchi nje ya kanisa kuwapanga foleni. Baada ya nusu saa Baba Paroko akatoka kupunga upepo, anacheka, mikononi ana mzigo wa majani.

"Mwalimu, hawa watoto wako kila mmoja ananiletea jani. Niyapeleke wapi?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akarudi ndani nayo yote. Baadaye niliyakuta yamepangwa vizuri mbele ya tabernakulo, pale inapokaa Ekaristi.

Mama Glory alikuja akakaa kando yangu pale benchini, tunamsubiri Glory. Tukaongea mambo ya maziwa, ya mvua. Kisha nikamwambia, "Mwenzangu, msamehe na huyu mume wangu. Angesema mapema yasingefika huku."

Akacheka.

"Mimi nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Shemeji. Asubuhi ile nilimwona anakata. Alinipungia mkono kabisa."

Nikamgeukia mzima mzima. "Sasa mbona siku ile kwenye jumuiya hukusema?"

"Ningesema? Na mdomo wako ule, mbele ya watu wote? Ungemwaibisha pale pale, halafu ungemrudisha vipi nyumbani yule mwanaume? Nikaona bora uniite mimi mwizi. Nikasema utapoa, utakuja mwenyewe." Akanigusa bega. "Ila mke mwenzangu, ulichelewa. Nilikusubiri sana."

Nililia pale benchini kama mtoto aliyenyimwa chai. Foleni nzima ya watoto inaniangalia, mmoja akamwambia mwenzake, "Mwalimu anajuta."

Ndiyo, nilikuwa najuta. Wale watoto walipoisha nikaingia na mimi kuungama, wa mwisho kwenye foleni.

Jumapili Glory alipokea. Nimemaliza.

Nilichojifunza: miaka mitatu niliamini kwamba mwenzangu ananichukia, kumbe alikuwa amebeba aibu yangu na ananisubiri nije niichukue. Kama kuna mtu umemkosea na unajua kabisa umemkosea, usisubiri mtoto apige magoti kwa niaba ya wakubwa. Nenda wiki hii. Kwenu kama hakuna isale, nenda mikono mitupu.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kukaa miaka na neno moja la kuomba msamaha limekwama kooni, semeni, mlilitoaje? Na wanaume mliowahi kuogopa midomo ya wake zenu kama Baba Deo, nanyi jitokezeni, leo siwasemi.